Unga wa Mawe kwenye Mstari wa Goli

Nyinyi vijana mnaopewa ufunguo wa stoo na mkokoteni wa chokaa, mkavuta mistari kwa dakika chache huku redio iko mfukoni, msinikasirikie. Mjukuu wangu mmoja ni wa kazi hiyo hiyo na ameshanikasirikia, kwa hiyo ninyi mna nafuu. Nimetunza nyasi za mpira tangu enzi za ukoloni, nikaziacha goti lilipokataa kupinda. Nina machache ya kuwafundisha na moja la kuungama. Nitaanza na ya kufundisha, maana la kuungama bado ni zito hata leo.

Kwanza, kona. Msikubali kona ya kukisia kwa macho. Chukueni kamba ya katani, mfunge mafundo hadi mpate nafasi kumi na mbili zilizo sawasawa. Nafasi tatu zishike upande mmoja, nne zishike upande wa pili, tano zifunge katikati. Kamba ikikaza pande zote, hiyo ni kona ya haki, hata mzungu aje na vyombo vyake hatapata ya kusahihisha.

Nilifundishwa hivyo na Mzee Ouma. Alikuwa mtu wa ziwani, fundi wa barabara na mifereji mjini Kisii, na mpira aliupenda kuliko chakula. Ekegusii chake, lugha yetu Wakisii, kilikuwa cha kununulia ndizi tu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, chake kimevunjika mkono na changu kimevunjika mguu. Uwanja wa kwanza nilioutengeneza peke yangu pale Keroka nilipima magoli kwa hatua zangu. La upande wa Kisii nililipima asubuhi nikiwa nimeshiba. La upande wa Kericho nililipima jioni, baada ya kutwa nzima ya kufyeka bila kula. Mzee Ouma alipofika alisimama katikati, akatazama huku, akatazama kule, akaniita.

"Zakaria, hii miguu yako ni mrefu asubuhi, jioni inakuwa fupi?"

Goli la asubuhi lilikuwa pana kuliko la jioni kwa zaidi ya hatua nzima. Alinilaza chali kati ya milingoti, kwanza goli hili, kisha lile, akapima kwa urefu wa mwili wangu huku watu wa sokoni wakicheka. Tangu siku hiyo sijapima kitu kwa hatua, hata shamba langu mwenyewe.

Nyavu alizishona yeye kwa uzi wa kuvulia aliotumiwa kutoka kwao. Milingoti ilikuwa ya mkaratusi, tukiibandua gome na kuizika kiuno kizima ardhini. Adui wetu mkubwa alikuwa fuko. Fuko wa nyanda hizi hana heshima. Leo umeshindilia shimo, kesho amefungua mengine mawili, na shimo la fuko linaweza kumaliza mguu wa mtu. Hapo ndipo Mzee Ouma alinipa sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote.

"Asubuhi ya mechi, toa viatu. Tembea uwanja yote, kona mpaka kona. Macho inadanganya. Kiatu inadanganya zaidi. Mguu tupu ndio inasema ukweli. Kabla mchezaji hajakanyaga, wewe kanyaga."

Wachezaji wetu wengi walicheza miguu mitupu siku zile, kwa hiyo sheria ilikuwa na maana yake. Nikaishika miaka mingi. Niliiacha siku moja tu.

Katikati ya miaka ya hamsini kulikuwa na ligi tuliyoiita Ligi ya Masoko. Keroka walikuwa na timu, Kebirigo timu, Gesima timu, na masoko mengine kadhaa. Zawadi ilikuwa ngao ya mbao iliyopigwa bati, kitu ambacho leo hamngekitundika jikoni, lakini watu walikuwa tayari kulala njaa kwa ajili yake. Shida ilikuwa siku ya kucheza. Wasabato hawakucheza Jumamosi. Wakatoliki walikuwa na misa Jumapili asubuhi. Alasiri nayo ilikuwa ya mvua, mnaijua mvua yetu, huikaribishi, inakuja tu. Wazee wakapatana kwamba mechi ziwe Jumapili saa tano, misa ikishaisha na mvua haijaamka.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Mimi ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama, fyekeo langu linalala. Kwa hiyo mistari niliichora Ijumaa mchana, kwa majivu ya kuni za mti wa mwati yaliyochekechwa. Jumamosi mvua inashuka, Jumapili ninatoka nyumbani Gesima alfajiri, ninafika Keroka ninakuta hakuna mstari. Nikipaka majivu upya juu ya nyasi zenye umande yanageuka uji. Mechi mbili msimu ule ziliharibika kwa ubishi kama mpira ulivuka mstari wa goli au la. Katika ya pili refa alikimbilia duka la unga na kujifungia ndani. Watu hawakumlaumu refa. Walinilaumu mimi.

Basi nikapata akili, ile ambayo baadaye mtu anatamani asingeipata. Nilikuwa Kisii nikawaona wachongaji wa mawe kutoka Tabaka, wanasugua vyano na vijiko vya mawe, na chini ya miguu yao unga mweupe umejaa tele. Hawakuwa na kazi nao. Nilijaza magunia mawili. Nyumbani niliukanda kwa maji hadi ukawa kama lipu, nikaupaka kwa ufagio kwenye nyasi fupi. Ulikauka ukawa mweupe wa kuumiza macho. Mvua ya Jumamosi ilipiga, na Jumapili mstari ulikuwa palepale.

Mnajua jinsi nilivyovimba. Watu wa Kebirigo walikuja kuuangalia. Mwenyekiti wa timu ya Keroka, mtu mpana mwenye sauti kubwa, aliniita injinia mbele ya watu. Mzee Ouma peke yake ndiye aliyeinama, akauchukua kidogo kati ya vidole, akausugua.

"Umekanyaga hii kitu ikiwa na maji?"

"Nimetembea juu yake, mzee."

"Na viatu?"

Nilisema nitakanyaga. Nilisema kwa mdomo, miguu haikusikia.

Mechi ya mwisho iliwakutanisha Keroka na Kebirigo. Keroka walihitaji sare tu. Kwa kuwa ubishi wote wa msimu ulikuwa kwenye mstari wa goli, nilisema mara hii hakuna atakayebisha. Mistari mingine niliipaka tabaka moja. Ule wa goli niliupaka matabaka matatu, unene wa kidole. Na kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja, Jumapili ile nilivaa viatu vya ngozi nilivyonunua mjini, vya kwanza maishani mwangu. Nilitembea uwanja mzima kona mpaka kona, kama sheria inavyotaka. Nilitembea na viatu.

Golikipa wa Keroka aliitwa Momanyi. Alikuwa kijana mtulivu, mkulima wa ndizi, mikono mirefu hadi magotini, na msimu ule mzima alikuwa amefungwa mabao machache kuliko kipa yeyote. Mkewe, Kerubo, alikuwa binti wa Kebirigo. Hilo halikuwa ajabu. Wazee wetu walisema tunaoa kwa wale tunaopigana nao. Ila siku ile mshambuliaji wa Kebirigo alikuwa Ogeto, ndugu yake Kerubo. Na baba mkwe mwenyewe, mzee wa kuheshimiwa, alikuwa amewekewa kiti nyuma ya goli la upande wa Kericho, hatua chache tu kutoka kwenye wavu.

Hapa niwaeleze nyinyi mliozaliwa juzi. Kwetu mkwe na baba mkwe wana heshima tunayoiita chinsoni. Humgusi, humkazii macho, husimami mbele yake ukiwa nusu uchi. Sasa fikirini Momanyi, kipindi cha pili, kaptura juu ya magoti, mgongo kwa baba mkwe. Kabla ya mpira kuanza tena watu walikuwa wameshaanza kunong'ona.

Kipindi cha kwanza kilikuwa kikavu na hakuna aliyefungwa. Cha pili manyunyu yakaanza. Si mvua, ni yale manyunyu ya kulowesha nywele tu. Dakika zikabaki chache. Ogeto akapiga mpira kutoka mbali, mpira wa uvivu, unadunda dunda. Mtoto angeudaka. Momanyi alirudi hatua moja nyuma ili aupokee kifuani, mguu wake mtupu ukakanyaga mstari wangu, na miguu yote miwili ikatoka mbele. Akakaa kitako. Mpira ukapita juu ya kichwa chake, ukatua kwenye wavu wa Mzee Ouma taratibu.

Kutoka kando ya uwanja haikuonekana kama kuteleza. Ilionekana kama mtu aliyekaa. Mwenyekiti akapaza sauti, kana kwamba Momanyi ni mgeni aliyekaribishwa ukweni.

"Mkwe amepewa kiti!"

Watu walilidaka neno lile, na hawakuliacha tena. Kebirigo wakachukua ngao. Keroka wakasema Momanyi ameuza soko lake kwa heshima ya wakwe, kwamba aliona aibu kumnyima shemeji mbele ya mzee. Alipokwenda kisimani, watoto walisema kiti. Alipofika sokoni na ndizi, akina mama walimsukumia kigoda wakacheka. Momanyi hakumjibu yeyote.

Mimi nilifanya nini? Filimbi ya mwisho ilipolia, watu wakiwa bado wanapiga kelele, nilikwenda golini, nikauweka mkono kwenye mstari. Uliteleza kama samaki. Nilijua saa ile ile. Nikaenda stoo, nikarudi na panga, nikaukwangua mstari wote wa goli na kuutupa mferejini. Aliyeniuliza nilimwambia ninasafisha. Nilimwogopa mwenyekiti, niliogopa kupoteza uwanja, niliogopa kuitwa injinia kwa kejeli kama nilivyoitwa kwa sifa. Ninawaambia bila kupamba: nilimwacha mtu abebe kosa langu kwa sababu ya jina la injinia.

Wiki mbili baadaye Momanyi alipanda lori akaenda kuchuma chai kwenye mashamba ya Kericho. Kerubo alibaki na ndugu za mumewe, na hawakumpa amani. Kila kilichopungua nyumbani, waliambiana kimekwenda Kebirigo kama ngao. Msimu wa mavuno nilikuwa nafyeka nikamwona anakuja njiani na kikapu kichwani, mtoto mgongoni. Alisimama kando ya uwanja.

"Tata," aliniita, kwa heshima, kama binti anavyomwita mtu wa rika la baba yake, akanisalimu kwa lugha yetu. "Bwakire."

"Bwakire, Kerubo. Unakwenda wapi na mzigo?"

"Kwetu. Wamesema niende kwa wenye ngao." Alitua kikapu. "Tata, siku ile wewe ulikuwa umesimama karibu na goli. Baba hataaminiwa akimtetea mkwewe, na wengine wote walikuwa mbali. Uliona nini?"

Nikaangalia fyekeo langu. Nikaangalia nyasi.

"Sikuona vizuri, mwanangu," nilisema.

Aliinua kikapu mwenyewe kwa sababu sikuwa hata na adabu ya kumtwika, akaenda zake. Nimezika wazazi wangu wawili na watoto wawili. Hakuna siku niliyojiona mdogo kama siku ile.

Wiki hiyo haikuisha nikiwa nimetulia nyumbani. Nilishuka Kisii kwa Mzee Ouma. Alikuwa mgonjwa, amekaa mlangoni na blanketi mabegani. Nilimwambia yote, hadi panga na mfereji. Nilitarajia anigombeze, angalau nipate cha kujibu. Hakunigombeza.

"Hii yote umeniambia mimi," alisema. "Mimi nilikuwa kipa?"

"Hapana, mzee."

"Ile asubuhi ulikanyaga?"

"Nilikanyaga na viatu."

"Basi sasa kanyaga," akasema, akajifunika blanketi.

Siku ya kufungua msimu mpya wazee wa masoko yote walikutana uwanjani Keroka, na watu wa Kebirigo wakaja na ngao yao. Chini ya kitanda changu kulikuwa bado na nusu gunia la unga wa mawe. Ijumaa nilipaka mstari wa goli kama ule wa mwaka uliopita, unene wa kidole. Jumapili, kabla ya mpira, niliomba neno. Mwenyekiti alidhani nataka kushukuru. Nikamwaga debe la maji kwenye mstari.

"Mwenyekiti," nikasema, "vua viatu uje usimame hapa."

"Zakaria, ni mambo gani haya?"

"Ulisema mkwe alipewa kiti. Njoo uone kiti kilikuwa cha nani."

Alivua, akaja huku anacheka na watu wake. Aliweka mguu wa kulia, akaweka wa kushoto, na yule mtu mpana akaenda chini kwa kishindo, kofia ikavuka mstari kabla yake. Uwanja mzima uliangua kicheko. Hata mimi ningecheka. Kijana mmoja akajaribu, naye akaanguka. Wa tatu akashika mlingoti. Kicheko kikapungua kidogo kidogo kadiri watu walivyoanza kuelewa, kikaisha kabisa.

Baba yake Kerubo aliinuka. Alikuja hadi kwenye mstari, akaugusa kwa ncha ya bakora yake.

"Mwaka jana mstari ulikuwa hivi?"

"Ulikuwa hivi, mzee. Niliukwangua nikautupa."

"Nawe ulilijua jambo hili siku gani?"

"Siku ile ile."

Afadhali watu wangenipigia kelele. Yule mzee alinitazama kama mtu anayetafuta jina langu na halipati.

"Binti yangu yuko kwangu na mtoto wake," akasema. "Hawezi kurudi kwenye nyumba isiyo na mwenyewe. Wewe uliyemfukuza mume wake, wewe nenda umrudishe."

Nilinyang'anywa uwanja msimu ule mzima, na nilistahili. Siku ya pili nilipanda lori la ndizi nikaenda Kericho. Nilimkuta Momanyi kwenye kambi ya wafanyakazi, ameketi anaosha miguu baada ya kazi. Alikuwa amekonda. Nilikataa kukaa. Nilimweleza nikiwa nimesimama: unga, matabaka matatu, viatu vya ngozi, panga. Nilimweleza na jinsi mwenyekiti alivyoanguka. Nilidhani atashangaa, au atasimama anipige.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mguu ni wangu, Tata. Nilisikia ule utelezi chini ya unyayo kabla sijafika chini."

"Mbona hukusema? Mwaka mzima!"

Alifuta mguu mmoja kwa kitambaa, polepole, kisha wa pili.

"Kipa aliyefungwa akisema uwanja una kosa, nani atamwamini? Neno lile halikuwa langu, lilikuwa lako. Nilipotoka uwanjani niligeuka nikakuona unakwangua mstari kwa panga. Nikasema moyoni, huyu amejua, kesho atasema." Akakitundika kitambaa. "Nikawa nangoja kesho."

Nilimwomba arudi nyumbani kwake.

Tulirudi pamoja. Kerubo alirudi nyumbani kwake kabla ya mvua kubwa, na mwenyekiti mwenyewe alikwenda kumwomba Momanyi msamaha mbele ya ndugu zake. Wakamsihi arudi golini. Alikataa. Hakudaka tena mpira, si Keroka wala kwingine. Jina tulimrudishia, lakini ile hamu ya kusimama pale hatukuweza kumrudishia. Mzee Ouma alifariki mwaka uliofuata, ila habari zilimfikia, na niliambiwa aliuliza tu kama nilivua viatu.

Nilipopewa uwanja tena, niliyarudia majivu. Yakioshwa na mvua, yaoshwe. Refa na abishane. Asubuhi ya mechi ya kwanza nilifika mapema, nikavua viatu, nikaanza kutembea kutoka kona ya Kisii. Nilipofika nusu nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Momanyi, viatu ameshika mkononi. Alikwenda moja kwa moja hadi goli la upande wa Kericho, akatembea juu ya mstari kutoka mlingoti hadi mlingoti, unyayo baada ya unyayo, akarudi. Kisha akavaa viatu vyake akaenda kuuza ndizi.

Alifanya hivyo kila asubuhi ya mechi, mwaka hadi mwaka, hadi sote wawili tukazeeka. Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sikupata uso wa kumuuliza. Kwa hiyo vueni viatu, wanangu, kabla ya mtu mwingine kukanyaga. Na unyayo ukiwaambia jambo, lisemeni siku hiyo hiyo, maana kuna mtu anangoja.